Kipima Shinikizo la Damu Nyumbani kwa Mzee

Shinikizo la damu lipandapo, mara nyingi mzee hasikii maumivu yoyote. Ndiyo maana kipimo cha nyumbani kina manufaa makubwa katika kata kama Misugusugu, Kibaha. Je, chombo hiki hufanyaje kazi? Mfuko wa hewa hubana mkono hata damu isipite mshipani. Kisha hewa hupunguzwa polepole. Damu ianzapo kupenya, kuta za mshipa hutikisika. Chombo huipima mitikisiko hiyo na kukokotoa tarakimu mbili. Mfuko wa namna hiyo ulibuniwa na Mwitalia Scipione Riva-Rocci mwaka 1896.

Kabla ya kupimwa, mzee aketi kwa utulivu dakika 5, mkono ukiwa usawa wa moyo. Vipimo vya nyumbani vikifikia 135/85 au zaidi mara kwa mara, amwone daktari.

Lakini chombo hiki hakiiti msaada. Mdomo ukipinda ghafla, mkono ukilegea, au usemi ukikwama, hizo ni dalili za kiharusi. Usingoje kupima, mzee awahishwe hospitali, kama ile ya Tumbi. Hapo kengele ya hatari ni wewe, mwanafunzi uliye nyumbani.