Je, Warfarini Iachwe Ndipo Jino Ling'olewe?

Mwanzoni mwa miaka ya 1920, wafugaji wa Kanada na wa kaskazini mwa Marekani walianza kupoteza ng'ombe kwa kazi za kawaida kabisa za zizini. Fahali kahasiwa asubuhi, jioni damu bado inachuruzika, kesho yake kafa. Mwingine kakatwa pembe, kidonda hakifungi. Frank Schofield, daktari wa mifugo wa Ontario, aliufuatilia ugonjwa huo hadi kwenye malisho: majani makavu ya mmea wa jamii ya kunde yaliyoota ukungu ghalani. Mwaka 1933 mkulima mmoja alimpelekea mwanakemia Karl Paul Link, wa Chuo Kikuu cha Wisconsin, kopo la maziwa lililojaa damu iliyogoma kuganda. Ilipofika 1939 maabara ya Link ilikuwa imeipata kemikali yenyewe, na kutokana na ukoo wa kemikali hiyo ikaja warfarini: kwanza sumu ya panya, mwaka 1948, kisha dawa ya binadamu ya kuzuia damu kuganda, mwaka 1954. Mwaka uliofuata Rais Dwight Eisenhower, aliyekuwa amepata shambulio la moyo, alikuwa miongoni mwa waliopewa.

Nimeanza na ng'ombe kwa makusudi. Hofu inayomshika daktari wa meno anaposikia kwamba mgonjwa aliye kitini anameza warfarini ina asili yake: dawa yenyewe ilijulikana kwa sababu ya upasuaji mdogo ulioua. Ila hofu hiyo imezaa mazoea ambayo ushahidi umeyakataa zamani, hasa kwa upande wa meno. "Acha dawa siku tano, halafu urudi tung'oe."

Kwetu Afrika Mashariki, anayeambiwa hivyo mara nyingi si mzee. Ni kijana, au mama mwenye watoto wadogo, ambaye utotoni aliugua koo, koo likaleta homa ya baridi yabisi, na homa ikaacha valvu za moyo zimekakamaa au zinavujisha. Wagonjwa wa namna hiyo wanajulikana sana katika Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete pale Muhimbili, na katika taasisi kama hiyo iliyopo Mulago, Kampala. Wengine hubadilishiwa valvu na kuwekewa ya bandia, wakarudi kwao mikoani na kadi ya kliniki na vidonge vya maisha. Valvu hiyo hudumu miaka mingi, lakini damu haiizoei kamwe. Ikipita juu yake bila dawa, huanza kuganda.

Dawa mpya za kuzuia damu kuganda, zile zisizohitaji kupimwa damu kila mara, haziwasaidii watu hawa. Dabigatrani ilijaribiwa kwa wenye valvu bandia za aina hiyo, na jaribio likasimamishwa kabla ya wakati wake: matokeo yaliyochapishwa 2013 yalionyesha madonge zaidi na kuvuja damu zaidi kuliko kwa warfarini. Mwaka 2022 ukaja utafiti wa INVICTUS, wenye wagonjwa zaidi ya 4,500 katika nchi 24, wote wakiwa na moyo ulioharibiwa na baridi yabisi na mapigo yasiyo na mpangilio. Kundi la warfarini lilikuwa na vifo vichache kuliko kundi la rivaroksabani, mojawapo ya dawa hizo mpya. Kwa hiyo warfarini bado ipo nasi, na swali la jino linabaki palepale.

Jibu linaanzia kwenye ini. Warfarini haiishiki damu moja kwa moja. Inalizuia ini kuitumia vitamini K, ileile iliyojaa kwenye mchicha, matembele na kisamvu, katika kutengeneza protini nne za kugandisha damu. Protini zilizokwisha kuingia kwenye damu huendelea na kazi mpaka zichakae zenyewe. Moja hupungua nusu kwa saa sita hivi, nyingine huchukua siku mbili hadi tatu. Ndiyo maana anayeruka kidonge cha jana usiku ili ang'olewe jino leo asubuhi hajabadilisha chochote cha maana. Ili damu irudi kuganda kama ya mtu mwingine, zinahitajika kama siku tano bila dawa, na akianza tena, zinapita nyingine tano au zaidi kabla kinga haijakamilika. Jumlisha hapo uone mtu mwenye valvu bandia anakaa muda gani akiwa hana kitu cha kumlinda.

Madaktari walijua kuhusu pengo hilo, wakazoea kuliziba kwa sindano za heparini, kabla na baada ya upasuaji. Kwa miaka mingi utaratibu huo ulionekana wa busara mpaka ulipopimwa vizuri. Utafiti wa BRIDGE wa mwaka 2015 ulichukua wagonjwa 1,884 wenye mapigo yasiyo na mpangilio, wote wakiwa wameachishwa warfarini kwa ajili ya upasuaji. Nusu wakachomwa heparini, nusu wakachomwa maji yasiyo na dawa. Madonge yaliyoziba mishipa yalikuwa asilimia 0.3 kwa heparini na 0.4 kwa wasiopata kitu. Waliovuja damu vibaya walikuwa asilimia 3.2 dhidi ya 1.3. Sindano haikuwakinga, iliwaongezea kuvuja. Wenye valvu bandia hawakuwemo katika utafiti huo, na kwao uamuzi wa heparini kabla ya upasuaji mkubwa bado unafanywa na daktari wa moyo, mgonjwa mmoja mmoja.

Kilichonishangaza zaidi ni utafiti uliotangulia huo kwa miaka miwili, uliofanyika zaidi Kanada, kwa watu wanaowekewa betri ya moyo. Hapa kisu kinapita, na chini ya ngozi kunachimbwa mfuko wa kuhifadhi kifaa. Kundi moja liliachishwa warfarini na kufunikwa kwa heparini. Jingine likaendelea na warfarini yake mpaka mezani. Damu iliyokusanyika mfukoni kiasi cha kuleta matatizo ilionekana kwa asilimia 16 ya kundi la kwanza na asilimia 3.5 tu ya kundi la pili.

Kwa nini basi mazoea ya kuachisha hayafi? Nadhani ni suala la nani anaona nini. Damu ya fizi inamtokea daktari wa meno mbele ya macho yake, na mgonjwa anaweza kurudi saa nne usiku na kitambaa chekundu mdomoni, ndugu wakiwa wamefoka. Kiharusi hutokea siku ya sita au ya nane, mkoa mwingine, na hakuna anayekihusisha na jino. Daktari wa meno wa Marekani, Michael Wahl, alijaribu kuvihusisha. Karibu na mwaka 2000 alikusanya taarifa zilizokwisha kuchapishwa: kati ya watu zaidi ya 500 walioachishwa dawa kwa ajili ya meno, watano walipata madonge makubwa ya damu na wanne kati yao wakafa. Kati ya zaidi ya 900 walioendelea na dawa, wachache walivuja kiasi cha kuhitaji tiba zaidi ya ile ya mdomoni, wala hakuna aliyeripotiwa kufa. Taarifa zilizokusanywa hivyo hazina uzito wa jaribio lililopangwa, hilo lazima lisemwe. Lakini zinaelekea upande uleule ulioelekea majaribio yaliyokuja baadaye.

Shimo la jino lina sifa moja nzuri ambayo viungo vingi havina: linabanika. Kabla ya chochote hupimwa INR, kipimo kinachoonyesha damu inachelewa mara ngapi kuganda ikilinganishwa na ya kawaida. Mwenye mapigo yasiyo na mpangilio hulengwa kati ya 2 na 3, na mwenye valvu bandia kwenye mlango wa kushoto kati ya chumba cha juu na cha chini hulengwa juu kidogo, 2.5 hadi 3.5. Ikiwa iko chini ya 4, miongozo ya Uingereza inaruhusu jino ling'olewe bila kugusa dawa. Kazi hupangwa asubuhi, mwanzoni mwa wiki, ili likitokea la kutokea watu wawepo. Meno mengi hayang'olewi kwa mkupuo. Baada ya jino kutoka, shimo hujazwa kipande cha selulosi inayoyeyuka yenyewe, fizi hushonwa nyuzi moja mbili, na mgonjwa huuma shashi kwa nusu saa bila kuichungulia kila dakika. Shashi ikilowekwa asidi ya traneksamiki ni bora zaidi. Dawa hiyo, iliyotokana na kazi ya Utako Okamoto na mumewe Shosuke huko Japani miaka ya 1960, wauguzi wetu wanaifahamu kutoka wodi ya wazazi, kwa mama anayevuja damu baada ya kujifungua. Inazuia donge lililokwisha kujengeka lisiyeyushwe, na mate yana tabia ya kuyeyusha.

Mambo mengine yanafuata mantiki hiyohiyo ya kubanika. Mtoto wa jicho siku hizi hutolewa kwa ganzi ya matone, kwenye sehemu isiyo na mishipa ya damu, dawa haiachwi. Kukata uvimbe mdogo wa ngozi, vivyo hivyo. Lakini hakuna kidole kitakachofika kwenye uti wa mgongo, kwenye tezi dume, au kwenye utumbo mpana ulikokatwa kinyama kikubwa, na hapo kusimamisha ni sahihi, kwa tarehe zilizoandikwa za kuacha na za kuanza tena. Kwa wanaotumia apiksabani, dabigatrani au rivaroksabani mambo ni mepesi zaidi, maana dawa hizo hutoka mwilini haraka. Utafiti wa PAUSE wa 2019, wenye watu zaidi ya 3,000, uliacha dawa siku moja kabla ya upasuaji mdogo na siku mbili kabla ya mkubwa, pasipo heparini, na waliovuja vibaya hawakufika asilimia 2. Aliyewekewa karibuni stenti, kile kibomba cha kuuacha wazi mshipa wa moyo, ni habari nyingine: kuacha klopidogreli bila kumwuliza daktari wa moyo kunaweza kuuziba mshipa huo.

Hatari kubwa kwa mtu wa warfarini anayetoka kwa daktari wa meno mara nyingi imo kwenye bahasha ya dawa mkononi mwake. Humo kuna metronidazoli, inayojulikana zaidi kwa jina la Flagyl, na diklofenaki ya maumivu. Metronidazoli huzuia ini lisiivunje warfarini, na INR iliyokuwa 2.8 siku ya jino inaweza kupanda mno ndani ya siku chache. Diklofenaki, kama ilivyo ibuprofeni, hudhoofisha chembe sahani na kuchubua tumbo. Ikipigwa kama sindano ya tako, inaweza pia kuacha damu imejikusanya ndani ya msuli. Mgonjwa aliyetoka kitini akiwa mkavu anaanza kuvuja siku ya tano, na lawama yote inakwenda kwa warfarini. Kwa maumivu, parasetamoli kwa dozi ya kawaida ndiyo chaguo la kwanza. Kama metronidazoli haiepukiki, INR irudiwe siku ya tatu hadi ya tano, na tarehe hiyo iandikwe kwenye kadi ya kliniki kabla mgonjwa hajaondoka.