Shule ya Kwanza ya Cherehani ni Doti ya Kanga

Kwenye maduka ya Barabara ya Biashara, Mombasa, kanga huuzwa kwa doti: vipande viwili vinavyofanana, bado vimeshikana. Mnunuzi anaondoka na kazi mbili mkononi, kukata na kupinda. Wengi humpa fundi mwenye cherehani karibu na duka, na baada ya muda mfupi kanga iko tayari kuvaliwa. Kwa anayetaka kujifunza kushona nyumbani, kazi hiyo anayoilipia ndiyo somo zuri kuliko yote ya kuanzia.

Kanga moja ina urefu wa takriban mita 1.5 na upana wa mita 1 na ushei. Pande zake mbili ndefu hutoka kiwandani na ukingo usiofumuka. Zinazobaki ni pande mbili fupi zilizokatwa, na kila upande unahitaji mshono mmoja ulionyooka. Hakuna zipu, shingo, wala kwapa. Mwili hauna haja ya kupimwa. Ukimaliza doti nzima umeshona mistari minne mirefu, na mshono ukipinda kidogo utafichwa na mkunjo wa vazi.

Kabla ya mkasi, maji. Kanga na kitenge cha pamba huwa na wanga wa kiwandani, na pamba hurudi ikifuliwa. Nguo iliyokatwa na kushonwa kabla ya kitambaa kulowa inaweza kubana ikifuliwa mara ya kwanza, na hapo fundi hana la kufanya. Kitambaa kifuliwe peke yake kwa sababu huenda kikachuja rangi, kikaushwe, kisha kipigwe pasi. Pasi si ya mwisho wa kazi tu; mshono unaopigwa pasi kila hatua hulala vizuri hata kama mkono bado ni mgeni.

Jambo la pili ni uzi wa kitambaa chenyewe. Kila kitambaa cha kufumwa kina nyuzi za mtande zinazokwenda kwa urefu na za mshindio zinazokatiza. Nguo iliyokatwa kwa kupuuza mwelekeo huo hujizungusha mwilini, mshono wa ubavuni ukahamia mbele. Ili kupata mstari ulionyooka, mafundi wana njia isiyohitaji rula: huchomoa uzi mmoja wa mshindio taratibu, na pale ulipotoka hubaki alama nyembamba ambayo mkasi unaifuata. Mkasi huo usikate karatasi kamwe, maana karatasi huufanya butu haraka.

Sasa cherehani. Nyumba nyingi za Afrika Mashariki zina ile nyeusi ya kukanyaga kwa miguu au ya kuzungusha kwa mkono, ama Singer ya zamani ama Butterfly ya China, mara nyingi ya bibi au shangazi. Anayeanza hana sababu ya kuiacha akatafute ya umeme yenye mishono mingi. Ile ya zamani hushona pole pole, haikatikiwi umeme, na hufanya mshono ule ule ambao Elias Howe aliupatia hataza Marekani mwaka 1846 na Isaac Singer akauboresha katika mashine yake ya 1851. Sindano hushuka na uzi wa juu, ikianza kupanda uzi hulegea na kufanya kitanzi, kisha ndoano iliyo chini hukinasa kitanzi hicho na kukizungusha kwenye bobini. Nyuzi mbili hukutana katikati ya kitambaa na kufungana.

Ukielewa hapo, matatizo mengi hujieleza. Uzi ukijaa vitanzi chini ya kitambaa, watu hukimbilia bobini, na huko siko. Mara nyingi ni uzi wa juu ambao haukukazwa, kwa sababu ulipitishwa mguu wa cherehani ukiwa chini na visahani vya kukazia vimebana. Inua mguu, toa uzi wote, uupitishe upya. Vitanzi vikitokea juu, hapo ndipo bobini ikaguliwe. Mashine ikiruka mishono, sindano huenda imepinda, imechoka au imewekwa kinyume: uzi huingia tunduni kutoka upande wenye mfereji mrefu. Sindano ni kitu cha bei ndogo mno kwa hasara inayoleta, na namba zake zina maana. Ile ya 90/14 ina unene wa milimita 0.9 na inafaa kanga na kitenge. Jinzi inataka 100/16, na vitambaa vyepesi kama shifoni 70/10.

Mazoezi ya kwanza yafanyike bila uzi kabisa. Karatasi ya daftari yenye mistari iwekwe chini ya sindano, na mwanafunzi aifuate mistari hadi miguu na macho vielewane. Gurudumu lizunguke kuelekea kwa mshonaji. Likirudi nyuma, uzi hujisokota na kukatika. Sindano iliyotoboa karatasi ibadilishwe kabla ya kugusa kitambaa.

Baada ya kanga, nguo ya kwanza halisi iwe sketi ya lastiki, na hapa kitenge kina msaada mkubwa. Kipande cha yadi 2 kina urefu wa sentimita 183 na upana wa takriban sentimita 115. Kikizungushwa mwilini kama kinavyofungwa kiunoni, kinamtosha mtu mwenye nyonga za sentimita 100 na kubakiza marinda ya kutosha. Ukingo wa kiwandani unakaa kiunoni na miguuni, kwa hiyo pande hizo hazifumuki. Kinachobaki ni mshono mmoja wa wima, mkunjo wa kupitishia lastiki juu, na upindo chini. Lastiki ikatwe fupi kidogo kuliko kiuno, ijaribiwe kwa pini, ndipo ishonwe. Sehemu ya kuangalia ni picha za kitambaa: ndege waliosimama wasije wakalala ubavu.

Dera huja baadaye. Mwili wake ni mpana na mishono ya ubavuni imenyooka, lakini shingo yake ndiyo mviringo wa kwanza ambao mwanafunzi atakutana nao. Mviringo haulazimishwi. Kitambaa kipigwe bandi kwa mkono, kishonwe taratibu, kisha ukingo wa ndani ukatwe mikato midogo kila baada ya sentimita moja au mbili ili uweze kugeuka bila kuvuta. Mikato isifike kwenye mshono. Aliyepiga bandi kwa subira hafumui mara tatu.

Shati lenye kola ndilo huwatisha watu, na mwalimu wake anapatikana kwenye mitumba ya Gikomba au Kariakoo kwa bei ndogo. Litafutwe linalomkaa mtu vizuri ila limechakaa, lifumuliwe mshono kwa mshono kwa wembe, kila kipande kipigwe pasi na kuchorwa kwenye karatasi ngumu. Nafasi ya mshono tayari imo ndani ya vipande hivyo, isiongezwe tena. Kipande kipi kiliungwa kwanza na kipi mwisho hakionekani kwenye karatasi, kwa hiyo namba ziandikwe wakati shati linafumuliwa, kuanzia mshono wa mwisho kwenda wa kwanza.