Taa za Nje Penye Baridi na Ukungu

Mji wa Tukuyu umejengwa katika miteremko ya Mlima Rungwe, zaidi ya meta 1,500 juu ya usawa wa bahari. Mvua yake kwa mwaka huzidi milimita 2,000, na usiku wa Julai joto hushuka hadi kiasi cha digrii 10 za sentigredi. Hata hivyo, mwenye duka au nyumba ya wageni mjini humo hununua taa ya nje ileile iuzwayo Dar es Salaam.

Tuanze na gharama. Kwa kuwa Rungwe haiko mbali na ikweta, giza hudumu takriban saa 12 kila usiku, mwaka mzima. Taa iwakayo tangu magharibi hadi alfajiri hufanya kazi saa 4,380 kwa mwaka. Kwa muda huo balbu ya kizamani ya wati 100 hula uniti 438 za umeme, na sehemu kubwa mno ya uniti hizo huishia kuwa joto tu. Taa ya LED ya wati 14 hutoa mwanga unaokaribia huo kwa uniti zipatazo 61.

Wengi walioikimbia balbu walikimbilia mirija ya floresenti. Ndani ya mrija mna mvuke wa zebaki, ambao ukipitiwa na umeme hutoa mionzi isiyoonekana. Unga mweupe uliopakwa kwenye kioo huigeuza mionzi hiyo kuwa mwanga. Mirija mingi ilisanifiwa kwa hewa ya digrii 25 hivi. Hewa ikipoa, mvuke hupungua na mwanga hufifia. Ndiyo maana mrija wa barazani, ukipigwa na upepo wa Julai, huonekana kama unaugua, ilhali mwenziwe aliye ndani ya duka anang'aa. LED ni kinyume chake: adui yake ni joto, na baridi humwongezea ufanisi na maisha.

Lakini taa isiyotoa joto jingi ina taabu yake. Katika nchi za theluji kama Kanada, taa za LED za kuongozea magari zimewahi kufunikwa na theluji ambayo balbu za zamani zingeiyeyusha. Kwetu taabu ni unyevu. Taa ikizimwa, hewa iliyomo hupoa na kusinyaa, ikavuta hewa ya nje yenye maji kupitia kila upenyo. Basi inunuliwe taa iliyoandikwa IP65, yaani isiyoingiza vumbi na yenye kuhimili maji yarushwayo kwa nguvu. Waya nao uachwe ulegee chini ya tundu lake, matone yadondokee hapo.

Kuhusu ukungu, imani ya kwamba mwanga wa manjano huupenya vizuri zaidi ina msingi mdogo: matone yake ni makubwa kuliko mawimbi ya mwanga, hivyo hutawanya rangi zote karibu sawasawa. Anayeongeza wati ukungu unapozidi hujenga ukuta mweupe mbele ya macho ya mlinzi wake, na mwizi husimama nyuma ya ukuta huo. Heri taa ndogo mbili zilizozibwa juu na ubavuni, zikaangaza mlangoni tu.

Ikiwa taa inawashwa na swichi ihisiyo mwanga, swichi hiyo isiielekee taa yenyewe. La sivyo ukungu utairudishia nuru, nayo itadhani kumekucha, izime, kisha iwashe tena, usiku kucha.