Kabla ya Kuchimba: Detekta, Sarafu za Zamani na Udongo wa Kisangani



Kuna video moja inatembea sana kwenye telefone zetu. Kijana wa Ulaya anapitisha fimbo yenye sahani juu ya nyasi, mashine inalia "piii", anachimba kidogo, halafu anatoa pete ya dhahabu ao sarafu ya mfalme wa zamani. Kila mara inapopita, mmoja wetu anaandika: "Na sisi tuchange, tununue yetu. Kisangani ni mji wa zamani, makuta iko chini ya udongo!"

Huyo ndugu amesema kweli, lakini ni nusu ya kweli. Leo nataka tuangalie ile nusu ya pili, mbele ya mtu kutoa hata franga moja.

Chini yetu kuna nini?

Tuanze na neno lenyewe: makuta. Ukisema "sina makuta", unataja sarafu bila kujua. Mwaka 1967 serikali ya Mobutu iliondoa franga na kuleta zaire. Zaire moja ilikuwa makuta 100, na likuta moja sengi 100. Kulitoka sarafu ya sengi 10, nyepesi, ya alimini, yenye chui. Kulitoka pia ya makuta 5 yenye uso wa Mobutu. Zile sarafu zilikufa sokoni, lakini jina lao likabaki mdomoni mwetu.

Sasa jiulize: wewe umelipa mkate kwa sarafu ya inchi yetu mara ngapi? Kama ulizaliwa baada ya 1990, jibu ni hata mara moja. Zaire mpya ya 1993 ilikuwa karatasi, na franga kongolezi ya 1998 ni karatasi, hata santimu zake zilitoka kwa karatasi. Karatasi inaoza. Ndiyo maana pesa ambayo detekta inaweza kukuta hapa kwetu ni ya miaka mia moja tu hivi, tangu 1887 mpaka mwisho wa miaka ya 1980.

Kituo cha Stanley Falls kilianzishwa mwaka 1883. Mwaka 1887 Tippu Tip, mfanyabiashara wa Zanzibar, aliwekwa kuwa liwali wake kwa jina la Leopold II. Nyakati zile, kando ya mto Kongo watu walilipana kwa mitako, yaani vipande vya waya wa shaba ya njano. Mwaka huohuo wa 1887 sarafu za Leopold zilianza kutengenezwa: zile ndogo za shaba nyekundu, zenye tundu katikati na nyota kuzunguka tundu, na zile za feza zenye kichwa chake. Wakati wa Kongo ya Wabeljiji, franga 1 ya miaka ya 1920 ilikuwa na mti wa ngazi. Zingine ziliandikwa kwa Kifaransa, zingine kwa Kiflama.

Ile ninayopenda mimi ni franga 2 ya mwaka 1943. Ina pembe sita, na tembo juu yake. Haikutengenezwa Bruxelles, juu Wajerumani walikuwa wamekamata Ubeljiji. Ilitengenezwa Philadelphia, Marekani. Mwaka mmoja wa vita unaushika mkononi kwa shaba ya njano. Hiyo shaba ya njano uikumbuke, tutarudi kwake.

Mashine inasikia nini?

Wengi wanafikiri detekta inaona. Hapana, haioni kitu. Ndani ya ile sahani kuna waya uliozungushwa mara nyingi. Betri inapitisha ndani yake umeme unaogeuka-geuka maelfu ya mara kwa sekunde, na umeme huo unatengeneza nguvu ya sumaku inayoshuka udongoni. Nguvu hiyo ikikuta metali, ndani ya metali kunazaliwa mikondo midogo ya umeme, nayo inarudisha juu nguvu yake ndogo ya sumaku. Waya wa pili unaisikia, halafu mashine inalia.

Kila metali ina namna yake ya kuchelewa kujibu. Mashine inapima huko kuchelewa na kukuandikia namba: chuma na alimini nyembamba kwa kawaida chini, shaba nyekundu na feza juu. Lakini namba hiyo ni kukisia tu. Pete ya dhahabu na kile kishikio cha alimini cha kopo la soda zinaweza kutoa namba karibu moja. Mkufu mwembamba, hata ukiwa wa dhahabu safi, unaweza kupitwa kabisa, juu kila pete yake ni ndogo sana na imejitenga.

Mambo mengine matatu ya kujua hapa kwetu:

1. Almasi si metali. Ndugu anayeota kutembeza detekta kwenye machimbo ya almasi atarudi na misumari.

2. Sarafu ya kawaida, mashine nyingi zinaisikia mpaka sentimita 15 ao 25 hivi. Hawa wanaosema "mita tano chini" wanataka kukuuzia kitu.

3. Udongo wetu mwekundu una rangi hiyo sababu ya chuma. Mashine inaweza kulia juu ya udongo mtupu. Inabidi kwanza kuizoesha: unainua na kushusha sahani mahali pasipo na kitu, unarekebisha mpaka sauti itulie. Mtu ambaye hajui hatua hiyo atachimba siku nzima bila kupata kitu.

Mashine ya vita

Mashine hii haikukua kwa kutafuta hazina. Mwaka 1881, rais wa Marekani James Garfield alipigwa risasi, na Alexander Graham Bell, yule wa telefone, alitengeneza chombo cha kutafuta risasi mwilini mwake. Alishindwa. Sababu moja inayotajwa ni vyuma vya kitanda alicholalia mgonjwa. Katika Vita ya Pili ya Dunia, afisa mmoja wa Poland, Józef Kosacki, akiwa Uingereza, alitengeneza detekta ya kubeba mkononi. Ilitumika mwaka 1942 huko El Alamein, Misri, kusafisha njia ndani ya mashamba ya mabomu.

Hapa ndipo Kisangani inaachana na ile video ya Ulaya.

Tarehe 5 mpaka 10 Juni 2000, majeshi mawili ya kigeni, la Rwanda na la Uganda, yalipigana ndani ya mji wetu. Wengine kati yetu tulikuwa watoto, wengine hamkuwa mmezaliwa, lakini kila parsele ina mtu anayekumbuka zile siku sita. Maelfu ya makombora yalianguka juu ya nyumba, shule na makanisa, na watu mamia walikufa. Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lilipitisha azimio namba 1304 tarehe 16 Juni mwaka ule. Miaka mingi baadaye, tarehe 9 Februari 2022, Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliamuru Uganda ilipe Kongo dola milioni 325 kwa madhara ya vita vyake, na ya Kisangani yamo ndani.

Si kila kombora linalipuka linapoanguka. Timu za kuondoa mabomu zilipita hapa na zikafanya kazi kubwa, lakini hakuna anayeweza kukuapia kwamba kila parsele ilisafishwa mpaka chini. Na kabla ya 2000 kulikuwa vita vya 1964, na uasi wa 1966 na 1967. Udongo huu umekula risasi za vizazi vingi.

Sasa rudi kwenye shaba ya njano. Mtako ni shaba ya njano. Franga 2 ya 1943 ni shaba ya njano. Na ganda la risasi, kwa kawaida, ni shaba ya njano pia. Mashine inaweza kuvilia vyote vitatu kwa sauti ambayo sikio lako halitenganishi.

Kuna ubaya kuliko huo. Detekta nyingi zina kitufe cha "usisikie chuma", ili misumari isikusumbue. Watu wanakipenda. Lakini mwili wa kombora ni chuma. Ukiweka hicho kitufe, kombora linaweza kunyamaza kabisa, nawe unachimba sentimita kumi pembeni yake ukifuata kifuniko cha soda. Na mara nyingine chuma kikubwa kinaidanganya mashine: kinatoa sauti ya juu, sawa na ya feza. Kwa hiyo ile sauti nzuri ambayo kijana wa video anairukia kwa furaha, hapa inaweza kuwa kitu ambacho hutaki kukigonga kwa jembe.

Kanuni ni fupi. Sauti ikiwa kubwa na pana kuliko kiganja, iache. Kabla ya kuchimba popote, uliza wazee wa mahali: "Mwaka 2000, bombe ilianguka hapa?" Ukiona kitu chenye umbo la risasi kubwa, chupa ya chuma ao nanasi, usiguse, usisogeze, usirushie jiwe. Simama, rudi kwa njia uliyopitia, zuia watoto, weka alama mbali nacho, ita viongozi wa mtaa na polisi. Na yule anayekununulia vyuma kwa kilo, usimpelekee hata siku moja kitu usichokijua.

Basi detekta haina kazi?

Ina kazi nzuri, na ni ile ambayo video haionyeshi sana: kurudisha kitu kilichopotea juzi. Tuseme mama mkubwa wako ameosha masahani nyuma ya nyumba, na alyansi yake ya ndoa haionekani. Hapo uko na faida tatu: unajua kitu, unajua mahali, na unajua kiko juu-juu. Pete iliyopotea mwezi uliopita haiko nusu mita chini.

Fanya hivi. Kwanza, mtu asifagie tena parsele na takataka zisitupwe. Keti na mama, muulize alisimama wapi, alimwaga maji wapi, mkono gani. Chukua pete nyingine inayofanana, iweke chini, pitisha mashine, andika namba inayotoka. Gawa parsele kwa kamba, mistari ya mita moja. Pitisha sahani polepole, karibu na udongo, kila mpito ukifunika nusu ya ule wa mbele. Fungua kila sauti iliyo karibu na ile namba, kwa kijiko, si kwa jembe, sentimita kumi tu. Utatoa vifuniko vya Primus, vipande vya mabati, betri za radio. Usichoke. Udongo uliotoa, upitishe kwenye chekecheo, kama wachimba almasi wanavyofanya. Na kama hamna mashine, kamba, kijiko na chekecheo peke yake vinaweza kufanya kazi hiyo, ila kwa siku mbili. Sumaku haitakusaidia: haivuti dhahabu, feza wala shaba.

Anayetaka kuifanya kuwa kazi ya kulipwa, apatane bei na mwenye kitu mbele ya kuanza, na kitu kikipatikana kirudi kwa mwenyewe mbele ya watu.

Na sheria?

Kwa vitu vya kale, kuna Ordonnance-loi namba 71-016 ya tarehe 15 Machi 1971 juu ya ulinzi wa mali ya utamaduni. Kuchimba kwa kutafuta vitu vya kale kunaomba ruhusa, na anayevikuta kwa bahati tu anapaswa kuvitangaza kwa viongozi. Kwa dhahabu kuna Code minier ya 2002, iliyorekebishwa 2018: mchimbaji wa mkono anahitaji karte yake na eneo lililowekwa kwa kazi hiyo. Na parsele ya mtu ni parsele ya mtu, uliza kwanza.

Sheria hiyo si ya kutusumbua. Sarafu moja ya kawaida ya 1925, ukiiuza, pengine itakununulia chakula cha siku moja. Lakini ukijua ilikuwa mahali gani, chini kiasi gani, pembeni ya nini, unaweza kujua soko la zamani lilikuwa wapi, ao nyumba za wafanyakazi wa reli ya Ubundu zilisimama wapi pale Lubunga. Ukiitoa bila kuandika, umebaki na kipande cha metali tu. Na usiisugue kwa mchanga ao ndimu ing'ae, utaondoa maandishi na bei kwa pamoja.

Kwa hiyo maoni yangu juu ya mchango wetu ni haya: tusianze na mashine. Tuanze na masanduku ya wazee, pale hakuna bombe na hakuna ruhusa ya kuomba isipokuwa ya mwenye sanduku. Piga picha pande zote mbili, andika mwaka, andika hadithi. Tukishajua sarafu zetu kwa macho, ndipo tuzungumze juu ya detekta moja ya pamoja, kwa kutafuta alyansi za mama zetu.

Mimi nimeshaanza. Jumapili nilimwomba baba mkubwa anionyeshe alichonacho. Alileta kikopo cha maziwa, ndani kulikuwa funguo, vifungo, na kipande chenye pembe sita. Tembo bado anaonekana. Nikamuuliza, "Papa, hii ilinunua nini?" Akasema, "Sijui. Baba aliniachia, na hata siku moja sikumuuliza."