Dawa ya magoti ya bibi isinunuliwe kwa mazoea

Kwihara, kilomita chache kutoka mjini Tabora, watalii huja kuona tembe alilokaa Livingstone mwaka 1872 akisubiri wapagazi. Wenyeji wana mizigo yao: jembe, kuni na ndoo ya maji. Miaka ikienda, magoti na kiuno huanza kudai. Hapo mtoto hutumwa duka la dawa akamnunulie bibi diklofenaki, na wiki inayofuata hutumwa tena.

Diklofenaki iko kundi moja na ibuprofeni, naproxeni na aspirini. Mwaka 1971 mtafiti wa Uingereza, John Vane, alionyesha kwamba dawa za aina hii huzuia mwili kutengeneza prostaglandini, kemikali zinazochangia uvimbe na maumivu. Tatizo ni kwamba kemikali hizohizo hulinda ukuta wa tumbo na kusaidia damu kufika kwenye figo. Ndiyo maana kidonge kinachotuliza goti kinaweza pia kuleta vidonda vya tumbo.

Mwaka 2013, watafiti walioongozwa na Chuo Kikuu cha Oxford walichapisha uchambuzi wa majaribio zaidi ya 600 ya dawa hizi. Waligundua kuwa kati ya kila watu 1,000 wanaotumia diklofenaki kwa dozi kubwa mwaka mzima, watatu zaidi hupata tatizo kubwa la moyo au mishipa ya damu, na mmoja wao hufariki. Hatari ya kutokwa damu tumboni nayo iliongezeka.

Wanaopaswa kuwa makini zaidi ni wazee, wenye presha, ugonjwa wa moyo, figo au vidonda vya tumbo. Mjamzito asimeze dawa hizi bila ushauri wa daktari, hasa baada ya wiki ya 20. Mtoto asipewe kidonge cha bibi, wala aspirini anapokuwa na mafua au tetekuwanga.

Kosa la kawaida ni kuchanganya. Diklofenaki ya asubuhi na ibuprofeni ya jioni si dawa mbili tofauti za kusaidiana. Ni kundi lilelile, na madhara huongezeka. Soma jina la dawa lenyewe kwenye pakiti, si jina la kampuni tu.

Dawa hizi zina kazi yake: dozi ndogo inayotosha, kwa siku chache, baada ya chakula. Ila hazizuii baridi yabisi kuharibu viungo. Mtu ambaye vidole vimevimba na kila asubuhi hukakamaa kwa zaidi ya nusu saa anahitaji kupimwa hospitali, kwani zipo dawa nyingine, kama methotreksati, zinazopunguza kasi ya ugonjwa. Kwa goti lililochakaa, jeli ya kupaka, mazoezi ya kuimarisha mapaja na kupunguza uzito husaidia.

Kinyesi cheusi kama lami, kutapika damu, kifua kubana, miguu kuvimba au mkojo kupungua ni dalili za kuacha dawa na kwenda hospitali siku hiyohiyo.

Mzazi, kabla ya kumtuma mtoto dukani tena, muulize bibi anameza vidonge gani, tangu lini, na kama ana dawa za presha. Kisha beba pakiti zote mwende naye kituo cha afya.