Ndovu Watatu

Watoto wa Makindu, ndovu hamhitaji kufundishwa. Anayekaa upande wa milima ya Chyulu anamjua kwa nyayo zake kando ya njia, kwa mahindi aliyoyalaza chini, na kwa wazee wanaokesha wakipiga madebe ili asiingie shambani. Huyo ndiye ndovu wa kwanza. Leo nawapeleka mkawaone wengine wawili, na wote wako Nairobi. Mmoja hana uhai. Mwingine hana mkonga wala pembe, lakini mkimtazama vizuri mtaapa kwamba ni ndovu.

Huyo wa mwisho hupatikana kwenye mchezo wa jukwaani wa nyimbo na ngoma, ule ambao baba, mama, nyanya na mtoto wa chekechea huuangalia pamoja. Huenda mmewahi kuona katuni za Tinga Tinga Tales: kwa nini Ndovu ana mkonga, kwa nini Nyoka hana miguu, kwa nini Popo huning'inia kichwa chini. Zilichorwa Nairobi, katika studio ya Homeboyz, zikaanza kuonyeshwa Uingereza mwaka 2010. Rangi zake kali zilitoka Dar es Salaam, ambako Edward Saidi Tingatinga alianza mwaka 1968 kuchora wanyama kwenye vipande vya ubao kwa rangi za bei nafuu za kupaka baiskeli. Yeye alifariki mwaka 1972, lakini wachoraji wanaofuata mtindo wake wapo hadi leo.

Baadaye mwanamuziki Eric Wainaina, Sheba Hirst na Claudia Lloyd wakazitoa hadithi hizo kwenye televisheni, wakazipandisha jukwaani. Mwaka 2018 zikaigizwa New York, katika ukumbi wa New Victory ambao kazi yake ni michezo ya watoto na familia. Hadithi za kando ya moto zikavuka bahari.

Sasa tuseme mchezo wa namna hiyo umekuja Nairobi. Kazi ya kwanza ni ya wazazi: kununua tiketi mapema kwa M-Pesa, na kuchagua onyesho la mchana la Jumamosi, maana la usiku litawachelewesha mno kurudi nyumbani. Kazi ya pili ni yenu: kulala mapema Ijumaa. Kutoka Makindu ni zaidi ya kilomita 150, kwa hiyo mnapanda basi alfajiri. Mtapita Kiboko, Simba, Emali na Sultan Hamud, kisha Salama na Athi River. Bebeni muthokoi kwenye kopo lenye mfuniko, na machungwa machache. Malori ni mengi barabara hii, na pale Mlolongo msongamano haujali kwamba mchezo unaanza saa nane.

Mkifika mapema, nendeni kwanza Makumbusho ya Taifa. Uani pale amesimama ndovu wa pili. Jina lake Ahmed, na aliishi msitu wa Marsabit. Pembe zake zilikuwa ndefu hata zikakaribia kugusa ardhi, na majangili walizitamani. Mwaka 1970 Rais Jomo Kenyatta akatoa amri Ahmed alindwe, akawekewa walinzi. Alikufa mwaka 1974, kwa uzee, si kwa risasi. Anayeonekana uani ni sanamu yenye ukubwa wake hasa. Simameni chini ya kidevu chake muangalie juu. Wekeni akilini mambo mawili: urefu wa mguu wake, na jinsi mkonga unavyoshuka. Mtayahitaji.

Kutoka pale si mbali hadi barabara ya Harry Thuku, ulipo Ukumbi wa Kitaifa wa Michezo ya Kuigiza, uliofunguliwa mwaka 1952. Barabara hiyo ina hadithi yake. Mnamo Machi 1922 Harry Thuku alikamatwa na serikali ya wakoloni kwa kupinga kazi za kulazimishwa na kodi. Watu wakakusanyika nje ya kituo cha polisi karibu na hapo wakidai aachiliwe. Muthoni Nyanjiru alikuwa mstari wa mbele, naye ni mmoja wa waliouawa polisi walipofyatua risasi. Mkipita hapo, mjue mnakanyaga wapi.

Haya, tuingie. Mnalijua hekalu la Wasikh hapa kwetu, lililojengwa mwaka 1926 na watu wa reli: anayeingia huvua viatu na kufunika kichwa, kisha hulishwa bila kuulizwa kabila wala dini. Ukumbi nao una adabu zake. Nendeni msalani kabla mchezo haujaanza. Simu izimwe kabisa, kwa sababu gizani mwanga wake humfikia mwigizaji machoni. Usimsimulie jirani yako kinachofuata hata kama unakijua.

Taa zinazima. Gizani, pembeni, yuko msimamizi wa jukwaa na kitabu cha mchezo mkononi. Ndiye anayetoa ishara: taa sasa, ngoma sasa, pazia sasa. Hutamwona, lakini akichelewa kidogo tu, kila mtu ataona.

Anatokea dada mmoja mwembamba aliyevaa nguo za kijivu. Kwenye shavu amebandikwa maikrofoni ndogo kuliko punje ya mahindi. Mtazameni mkono wa kulia. Umelegea kuanzia begani, unayumba, na ncha za vidole zinanusa sakafu. Magoti yamekunjwa kidogo. Anautupa mwili wote upande mmoja kabla ya kuinua mguu wa upande wa pili, taratibu, kama mwenye tani nyingi za kubeba. Halafu mtazameni mpiga ngoma. Macho yake hayatoki kwenye mguu ule. Kila unapogusa sakafu, ngoma kubwa inalia: ndu! Sikio lako linampa uzito ambao mwili wake hauna. Na wewe, uliyesimama asubuhi chini ya Ahmed, unamwongezea pembe na masikio.

Huyo ndiye ndovu wa tatu, na ameumbwa na watu wengi: mwigizaji, mpiga ngoma, na wewe uliyeketi kitini. Katuni hukuletea ndovu aliyekamilika. Jukwaa hukuletea nusu, likakuachia nusu uimalize mwenyewe. Ndiyo maana watu wawili waliokaa viti jirani hutoka na ndovu wawili tofauti.

Na nyimbo je? Wimbo huingia pale maneno matupu yanapomshinda mhusika. Sikilizeni sana wimbo wake wa kwanza, kwa sababu kwa kawaida ndipo anapotaja anachokitaka, na ukikijua hicho unajua mchezo unakoelekea. Wimbo huohuo ukirudi mwishoni, mara nyingi maneno ni yaleyale ila mambo yamebadilika, na mtu mzima karibu nawe anaweza kufuta machozi. Usimcheke.

Msimulizi akisema "Paukwa!", msinyamaze kwa aibu. Jibuni "Pakawa!" kwa sauti. Nyanya zenu hawasimulii kwa watu waliolala. Wakiona kiitikio kimepoa, hadithi huifupisha. Waigizaji nao husikia ukumbi. Ukumbi ukiitikia vizuri, mchezo wa Jumamosi huchangamka kuliko wa Ijumaa, ingawa maneno ni yaleyale.

Safari ya basi ya kurudi ni ndefu, na ndiyo nafasi nzuri ya kuuchambua mchezo. Kila mmoja ajibu maswali matatu: Nani alitaka nini? Nani alimzuia? Wimbo upi ulibadilisha mambo? Mkibishana, mmetazama vizuri.

Jumatatu mwambieni mwalimu. Shule za Kenya zina tamasha la kitaifa la michezo ya kuigiza na filamu, na safari ya kufika huko huanzia kwenye mashindano ya karibu na nyumbani. Hamhitaji pazia wala taa. Mwombeni nyanya hadithi moja ya mnyama yenye kiitikio, mmoja wenu awe fisi, mwingine apige jerikeni, na darasa zima liitikie.