Gugu Lenye Mbegu Mbili

Mkulima apitaye shambani mwake baada ya mvua hurudi nyumbani na kishona-nguo katika suruali. Hicho chasumbua tu. Wako hata wanaopika majani yake machanga kama mboga. Lakini liko gugu jingine ambalo matunda yake hushika nguo vile vile, na ubaya wake ni mwingi zaidi. Wataalamu wa mimea huliita Xanthium strumarium.

Gugu hili hupenda penye maji: kando ya mito na mabwawa, katika mabonde yanayofurika, na katika mashamba yanayomwagiliwa. Hufika kiunoni mwa mtu, na penye rutuba huweza kumpita kimo. Majani yake ni mapana, nayo hukwaruza. Shina lina madoa ya zambarau. Tunda lapata urefu wa sentimita 2 hivi, limejaa ndoano ndogo pande zote, na nchani lina pembe mbili. Ndoano hizo hushika mkia wa ng'ombe, sufu ya kondoo, magunia na makoti. Tena tunda huelea, basi mto hulichukua mpaka kwa jirani wa chini. Ndugu yake, Xanthium spinosum, ana miiba ya manjano, mitatu mitatu, kwenye shina. Husimuliwa kwamba huyo aliingia Australia katika miaka ya 1840, ameshikamana na mikia ya farasi waliotoka Chile. Nauli hakulipa.

Ukilipasua tunda kwa kisu utaona vyumba viwili, kila kimoja na mbegu yake. Mbegu kubwa huota mvua zinapoanza. Ile ndogo ina ganda lisilopitisha hewa vizuri, nayo hulala udongoni mpaka mwaka wa pili au zaidi. Hapo ndipo wengi wanapodanganyika. Mtu hupalilia vizuri, shamba likatakata, akasema kazi imekwisha. Mwaka wa pili magugu yamerudi, naye humlaumu kibarua, au jirani, au pengine hudhani amerogwa. Kumbe ni matunda yale yale ya mwaka jana.

Hatari iliyo kubwa zaidi imo katika mche unaochipuka. Majani yake mawili ya kwanza ni membamba, manene, yanang'aa, wala hayafanani na yale yatakayofuata. Hayo, pamoja na mbegu zenyewe, yana sumu kali inayoharibu ini. Nguruwe na ndama wanaoyala hulegea, hutetemeka, na wengine hufa upesi. Wala si wanyama peke yao. Mwaka 2007, katika wilaya ya Sylhet huko Bangladesh, mafuriko yalileta upungufu wa chakula, na watu wakachuma miche hiyo wakaipika kama mboga. Waliougua walikuwa 76, na 19 kati yao wakafa.

Kwa hiyo mifugo isipelekwe ukingoni mwa mto wakati miche inapoota. Magugu yang'olewe kabla hayajazaa. Yakiwa yamekwisha kuzaa, yachomwe moto, yasitupwe mtoni. Mwaka unaofuata mkulima arudi mahali pale pale na jembe lake, hata kama hapaonekani kitu. Na matunda yanayobanduliwa katika mikia ya ng'ombe jioni yakusanywe katika debe, yasiachwe yaanguke mlangoni pa boma, ambapo samadi itayakaribisha vizuri sana.